Usharika unataka kanisa la milioni 850 wakati watumishi na wajane wanatudai. Tuanze na lipi?

Mzee wa Baraza aliuliza:

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa kamati za ujenzi, hesabu za kanisa na mafundisho ya Neno.

Usharika wetu una kaya 160, watu wazima kama 420. Kanisa tulilonalo ni la mita 12 kwa 22, linakalisha watu 300 kwa kubanana kidogo, na ibada ni moja tu, saa tatu asubuhi. Matoleo ya kawaida hufika shilingi milioni 6 kwa mwezi. Sasa baraza limeletewa mchoro wa kanisa la watu 1,200 lenye mnara wa mita 30, makisio milioni 850. Fedha zitapatikana hivi: kila kaya milioni 1.5 kwa miaka mitatu, mkopo wa benki milioni 300, zilizobaki harambee na wafadhili.

Wakati huohuo mwinjilisti (mshahara 350,000) na mlinzi (200,000) hawajalipwa miezi minne. Michango yao ya NSSF haijapelekwa miezi 14. Mfuko wa wajane na yatima haujatoa kitu tangu mwaka jana. Na kuna kipengele kwenye pendekezo kinachosema kaya ambayo haijamaliza ahadi ya ujenzi haitapata huduma ya ndoa wala ubatizo.

Wanaounga mkono wananukuu Hagai: mnakaaje kwenye nyumba nzuri na nyumba ya Bwana iko hali ya kuharibika? Wanaopinga wanasema kutii ni bora kuliko dhabihu. Biblia ni ileile. Naomba hoja zinazosimama, na hatua za kuchukua, kikao kiko karibu.

---

Mwalimu wa Neno alijibu:

Shalom mzee. Nianze na Hagai, maana ndipo hoja ya wenzako ilipoegemea.

Hagai alisema maneno yale mwaka 520 kabla ya Kristo. Hekalu lilikuwa limebomolewa tangu Wababeli walipoiteketeza Yerusalemu, na watu waliorudi kutoka uhamishoni walikuwa wameshajijengea nyumba za kupambwa. Hawakuwa na jengo la kupanua, walikuwa na magofu. Ninyi mna kanisa lenye kuta na paa. Kwa hiyo swali la Hagai kwenu lingekuwa kama paa linavuja, kama choo kipo, kama watoto wa shule ya Jumapili wanakaa juani. Angalia pia agizo lake katika 1:8: pandeni milimani, leteni miti, mkaijenge nyumba. Hakuna kiwango kwa kila kaya wala adhabu kwa asiyetoa.

Jambo ambalo wengi hawalioni ni kwamba Hagai hakuwa peke yake. Zekaria alihubiri kwa watu walewale, kwa ujenzi uleule. Miaka miwili baadaye, mwaka wa nne wa Dario mfalme wa Uajemi, kazi ikiwa katikati, watu walimjia na swali la saumu, naye akawajibu kwa sura ya 7:9-10: hukumuni kwa kweli, hurumianeni, msimdhulumu mjane, wala yatima, wala mgeni, wala maskini. Neno hilo lilikuja mafundi wakiwa kazini. Anayemleta Hagai kikaoni bila Zekaria ameleta nusu ya ujumbe ambao Mungu aliutuma kwenye ujenzi ule.

Na hiyo "kutii ni bora kuliko dhabihu" isomwe pale inapotoka, 1 Samweli 15. Sauli aliambiwa aangamize mali yote ya Waamaleki. Akabakiza kondoo na ng'ombe walionona, na alipoulizwa akasema ni kwa ajili ya dhabihu kwa Bwana. Yaani alikigeuza kile alichokataa kutii kuwa sadaka. Mshahara wa mwinjilisti uliobaki kwenye akaunti ili akaunti ya ujenzi ionekane nene uko katika hali hiyohiyo.

Yeremia 7 inalisema waziwazi zaidi. Nabii alisimamishwa mlangoni mwa Hekalu kuwaambia waabuduo wasitumainie maneno "Hekalu la Bwana" yanayorudiwa mara tatu, bali watengeneze njia zao, waache kumwonea mgeni, yatima na mjane. Akawapa ushahidi: nendeni Shilo mkaone nilivyopafanya. Shilo palikuwa na sanduku la agano na makuhani, na pakaharibiwa. Kwenye sura ya 22 anamgeukia mfalme Yehoyakimu, aliyekuwa akijijengea jumba kubwa lenye madirisha mapana na mbao za mierezi, akimtumia mwenzake bila kumlipa ujira. Lile ni jumba la mfalme, si Hekalu, lakini kosa ni la mwajiri yeyote anayejenga huku anadaiwa mishahara.

Kipengele cha kunyima ubatizo na ndoa kiondolewe kabla ya mjadala mwingine wowote. Kutoka 35:5 inasema alete kila mtu ambaye moyo wake wapenda. Kutoka 36:6-7 Musa aliwazuia watu wasilete tena kwa sababu vilivyokuwapo vilitosha. Paulo katika 2 Wakorintho 9:7 amekataza utoaji wa huzuni na wa lazima. Huduma ya Kristo ikifungwa kwa deni la ujenzi, mnakuwa mmeiuza.

Mwisho, msome Marko kuanzia 12:38 hadi 13:2 bila kusimama kwenye mstari wa sura. Yesu anawalaumu walimu wanaokula nyumba za wajane. Kisha mjane maskini anatoa senti zake mbili, riziki yake yote. Halafu wanafunzi wanatoka nje wanashangaa, Mwalimu, tazama mawe haya na majengo haya! Naye anajibu halitabaki jiwe juu ya jiwe. Ni habari moja. Tumezoea kumhubiri yule mjane siku ya harambee na kuyaacha maneno yanayomtangulia.

---

Mhazini alijibu:

Mzee, mimi nitazungumzia fedha tu, kwa sababu kwa tarakimu ulizotoa suala la mkopo linajimaliza lenyewe.

Chukua mkopo wa milioni 300 kwa miaka mitano, riba ya asilimia 17 kwa mwaka kwa mfano, kwa marejesho sawa ya kila mwezi. Rejesho ni kama milioni 7.46 kwa mwezi. Matoleo yenu yote ni milioni 6. Yaani hata mkizima taa, mkaacha kumlipa kila mtu, mkafunga shule ya Jumapili, bado mnapungukiwa karibu milioni moja na nusu kila mwezi. Kwa miaka mitano mtarudisha kama milioni 447. Riba peke yake ni milioni 147. Rejesho hilo wakigawana kaya 160 ni zaidi ya shilingi 46,000 kwa kaya kila mwezi, juu ya ile milioni 1.5 ya ahadi. Benki itataka dhamana, na dhamana mliyo nayo ni kiwanja chenye kanisa la sasa.

Sasa linganisha na deni la utii. Mishahara ya miezi minne ya watu wawili ni milioni 2.2. Upande wa NSSF mchango ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida nusu ya mwajiri na nusu ya mfanyakazi. Kwa mishahara ya jumla ya 550,000, nusu ya mwajiri ni 55,000 kwa mwezi, mara 14 ni 770,000. Halafu kuna ile miezi 10 ambayo watumishi walilipwa: kama mlikata 55,000 yao na hamkupeleka, hiyo ni 550,000 nyingine, na hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu ni fedha ya mtu iliyochukuliwa mkononi mwake. Jumla ni kama milioni 3.5 kabla ya tozo ya kuchelewa. Haifiki matoleo ya mwezi mmoja. Baraza ambalo halijaweza kuimaliza milioni 3.5 lisijadili milioni 850.

Utaratibu ninaoupendekeza, kwa mpangilio huu. Mwezi wa kwanza lipeni mishahara yote kutoka matoleo ya kawaida, na muende ofisi ya NSSF wenyewe kabla hawajawafuata, mkaombe mpango wa kulipa malimbikizo. Mwezi wa pili fungueni tena mfuko wa wajane kwa asilimia isiyobadilika ya matoleo, tuseme 10, inayotengwa Jumapili ileile ya kuhesabu sadaka. Ukisubiri kinachobaki mwisho wa mwezi, hakuna kinachobaki. Hapo ni laki sita kila mwezi. Kisha wekeni akiba ya miezi mitatu ya mishahara, ambayo hamuigusi. Baada ya hayo ndipo fungu la ujenzi lianze kukua.

Kuhusu uaminifu wa fedha za ujenzi, kielelezo kiko 2 Wafalme 12. Makuhani walipewa fedha za kukarabati, na hadi mwaka wa 23 wa Yoashi mabomoko yalikuwa hayajatengenezwa. Mfalme akaagiza kasha lenye tundu kwenye kifuniko, likawekwa kando ya madhabahu. Lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walihesabu pamoja, wakawapa wasimamizi, nao wakawalipa maseremala na waashi. Watu wawili wa ofisi tofauti, kila senti mahali panapoonekana. Kwenu iwe hivi: wahesabuji watatu wasio ndugu, wanaobadilishwa kila mwezi, hati ya makusanyo nakala tatu, moja kwa mhazini, moja kwa katibu, moja inabaki kitabuni, fedha iende benki Jumatatu, isilale nyumbani kwa mtu, akaunti ya ujenzi iwe peke yake na watia saini watatu. Kila mwisho wa mwezi bandikeni ubaoni mistari minne: tulianza na kiasi gani, tumepokea, tumetumia, tunadaiwa. Huo wa nne ndio makanisa mengi huuacha.

Na mwache kusoma majina na viwango madhabahuni. Yakobo 2 imekataza kumkalisha mbele mwenye pete ya dhahabu. Kila mtu apewe risiti yake, basi.

---

Fundi Sanifu alijibu:

Tumsifu Yesu Kristo. Wakuu wameshasema ya kwao. Mimi nina swali la kwanza la fundi: mnahitaji nafasi kiasi gani kweli?

Kwa ibada ya viti au mabenchi, piga mita ya mraba 0.75 kwa mtu pamoja na njia za kupita. Ukumbi wenu ni mita za mraba 264. Ukitoa sehemu ya madhabahu na kwaya, ndiyo maana wanakaa 300. Wakija watu wazima wote 420 mnapungukiwa nafasi 120. Njia ya kwanza ni ibada mbili, saa moja na saa tatu, bila tofali hata moja, nafasi zinakuwa 600. Njia ya pili ni kurefusha kanisa mita 8 nyuma: 12 mara 8 ni mita 96, gawa kwa 0.75, wanapatikana watu 128. Kuta mpya ni mita 28 za mbio. Kwa kimo cha mita 3.6, ukitoa milango na madirisha na kuongeza pembetatu ya juu, ni kama mita za mraba 95. Tofali za inchi 6 ni 10 kwa mita ya mraba, ongeza asilimia 10 za kuvunjika, unapata kama 1,050. Hii ni kazi ambayo usharika wa kaya 160 unaimaliza bila kukopa.

Ukuta wa tofali za inchi 6 wenye kimo hicho ufungwe na nguzo za zege kila mita 3 hadi 4, na mkanda wa zege unaozunguka juu kabla ya kupaua. Zege la nguzo liwe 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), mita moja ya ujazo inakula mifuko 6 na kidogo ya saruji. Tofali zimwagiwe maji siku 7. Mfuko mmoja ukitoa tofali 30 hadi 35 ziko sawa; anayewauzia kwa bei ya chini sana amefyatua 50 na zaidi, na tofali hizo zinakwanguka kwa kucha. Kenchi (fremu za kubeba paa) za upana wa mita 12 zichorwe na mhandisi, zisikisiwe kwa macho.

Sasa kanisa la watu 1,200. Kinachoharibika hapa ninakijua. Makanisa mengi yanaanza na msingi wa jengo lote kwa sababu harambee ya kwanza ilikuwa na nguvu. Fedha inakatika kwenye lenta. Kuta zinanyeshewa mvua miaka sita, nondo zilizochomoza zinaliwa na kutu, na siku fedha ikirudi, nguzo inabidi zivunjwe. Yesu alishasema katika Luka 14:28 mtu aketi kwanza ahesabu gharama. Kama mtajenga, gawanyeni kazi ili kila hatua ikiisha itumike: chumba cha watoto na vyoo, kisha ukumbi bila mnara, kisha mengine. Mnara una uzito wake, unashuka ardhini tofauti na ukumbi, kwa hiyo unataka msingi wake na nafasi ya kuutenganisha na ukuta. Mkiuunganisha bila hivyo, nyufa zitaanzia pembeni. Unataka pia kinga ya radi.

Msiruke kibali cha halmashauri wala mkandarasi aliyesajiliwa kwa kisingizio kwamba ni kazi ya Mungu. Tarehe 12 Septemba 2014 jengo la wageni la kanisa moja la Lagos lilianguka na kuua zaidi ya watu 100. Uchunguzi wa vifo ulikuta muundo dhaifu na kibali hakuna. Utii ni pamoja na sheria ya ujenzi. Anayesali chini ya paa lako amekukabidhi maisha yake.

Kiwanja nacho kiwe chenu kwa hati. Daudi alipopewa bure uwanja wa Arauna alikataa, akaulipa shekeli 50 za fedha. Mpaka wenye mgogoro na jirani umalizwe kabla ya kumwaga zege.

Na mafundi walipwe kila Jumamosi. Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka ujira ulipwe siku ileile kabla jua halijachwa, kwa hiyo Jumamosi isipitilizwe. Kuwaita vibarua "watu wa kujitolea" wakati wana watoto wanaosubiri unga ni dhuluma.

---

Dada Mwanahistoria alijibu:

Naomba niwatetee kidogo wanaotaka jengo zuri, ingawa kwa hesabu za Mhazini mpango huu siupendi.

Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini, Zanzibar, lilianza kujengwa mwaka 1873, palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka huohuo. Ni jengo kubwa, Askofu Edward Steere alilipa paa la tao, mfano wa nusu pipa, la mawe ya matumbawe na saruji ambalo wengi walidhani litaanguka. Lakini misheni ileile ilikuwa imeshanunua shamba Mbweni mwaka 1871, wakakaa hapo watu walioachiwa huru, wakapata makazi, kazi na shule. Shamba lilitangulia kanisa kuu. Jengo la namna hiyo lina haki ya kusimama.

Kinyume chake ni Basilika ya Mtakatifu Petro, Roma, iliyoanzwa 1506. Vyeti vya msamaha alivyouza Johann Tetzel mwaka 1517 vilitangazwa kuwa vya ujenzi huo, na nusu ya mapato ikaenda kulipa deni la Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz kwa benki ya Fugger. Ndugu Walutheri mnayajua yaliyofuata, lakini mara chache tunasoma hoja ya 50 kati ya zile 95 za Martin Luther: kama Papa angejua unyang'anyi wa wahubiri wale, angeona afadhali basilika iwe majivu kuliko ijengwe kwa ngozi, nyama na mifupa ya kondoo wake. Usharika wa Kilutheri unaonyima ubatizo kwa sababu ya bati umerudi kwenye jambo lilelile Luther alilolipinga.

Kuhusu mikopo, kuna Crystal Cathedral ya Garden Grove, California, iliyofunguliwa 1980 ikiwa na vioo zaidi ya 10,000. Oktoba 2010 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, ikiwa na deni la zaidi ya dola milioni 43, na waliokuwa kwenye foleni ya kulipwa ni pamoja na wafanyabiashara wadogo waliowahi kutoa huduma. Jimbo Katoliki la Orange lililinunua kwa dola milioni 57.5. Waumini waliochangia walihama.

Halafu linganisheni na Roma ya mwaka 251. Barua ya Askofu Kornelio inataja mapadri 46, mashemasi 7, na wajane na wahitaji zaidi ya 1,500 waliokuwa wakitunzwa na kanisa. Wakati huo Wakristo walikuwa wakiteswa na hawakuwa na kanisa kuu lolote mjini. Nyumba ya ibada tunayoijua vizuri zaidi ya karne ile, Dura-Europos huko Syria, ilikuwa nyumba ya kawaida iliyobomolewa ukuta mmoja wa ndani ili vyumba viwili viwe kimoja, wakapata nafasi ya watu wapatao 70.

Na hapa kwetu tunao Uamsho wa Afrika Mashariki. Ulianzia Gahini, Rwanda, na Uganda miaka ya 1930, ukafika Katoke na Bukoba, ukaingia Kenya. Ulikutania nyumbani na chini ya miti. Watu waliungama kwa sauti na kurudisha walichoiba, ng'ombe, fedha, vifaa vya mwajiri. Wake na waume waliombana msamaha. Miaka ya 1950 huko Kenya wapo waliouawa kwa kukataa kiapo cha Mau Mau, na walikataa pia kushika bunduki upande wa serikali. Uamsho haukuacha jengo la kupiga picha, ila makanisa ya nchi hizi yanakula matunda yake mpaka leo.

---

Mama Jumuiya alijibu:

Wapendwa, mmesema utii mara nyingi. Utii nao unataka utaratibu, la sivyo unabaki neno la mimbarini. Ahadi ya ujenzi ina kadi, tarehe na mfuatiliaji. Kumtunza mjane hakuna kadi. Ndiyo maana jengo hushinda.

Kaya 160 zigawanywe jumuiya 13 hivi, kila moja kaya 12. Kila jumuiya iwe na daftari lenye safu nne: mhitaji, hitaji lenyewe, nani amekwenda lini, nini kimefanyika. Andikeni hitaji kwa uwazi: si "mama anahitaji maombi" bali "sare na madaftari ya kidato cha pili, 70,000, kabla ya shule kufunguliwa". Watu wawili waende pamoja, wasiende na kamera. Daftari lisomwe kwenye jumuiya kila wiki mbili, na mambo ya siri ya nyumba ya mtu yasiandikwe.

Kisha yapo ya kurudisha na kutengeneza, na hapa viongozi waanze. Wafanyabiashara wa mazao wenye lumbesa (gunia linalojazwa kupita kipimo) waiache. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo, na mkulima anayedhulumiwa debe zima kwenye gunia hasaidiwi na bati lililotokana na debe hilo. Msichana wa kazi alipwe kila mwezi na apewe Jumapili yake. Shamba la marehemu kaka lirudishwe kwa mjane na watoto. Deni la muumini kwa muumini liandikiwe tarehe za kulipa. Waliokosana wapitishwe kwenye Mathayo 18:15-17 kama ilivyoandikwa: wawili peke yao kwanza, kisha shahidi mmoja au wawili, kisha kanisa. Tunapokosea ni kuanzia hatua ya tatu, jambo linafika barazani kabla wahusika hawajaketi. Na mwanamke anayepigwa asiitwe kwenye upatanisho wa namna hiyo. Yeye apelekwe mahali salama na dawati la jinsia polisi.

Kuna la Korbani (yaani wakfu kwa Mungu) pia, Marko 7:11. Mtu anaacha kumnunulia mama yake dawa za presha kwa sababu "fedha nimeiweka kwa Bwana", na Yesu analiita hilo kulitangua neno la Mungu. Kabla ya kupokea ahadi kubwa, mzee wa jumuiya amuulize mtoaji faragha: wazazi wako wanatunzwa? kodi ya nyumba imelipwa? unadaiwa na nani? Akisema anadaiwa, arudi na fedha yake akalipe kwanza. Mathayo 5:23-24 imeruhusu kabisa sadaka iachwe palepale mbele ya madhabahu.

---

Mzee wa Baraza aliandika:

Asanteni sana, nimenakili yote. Swali moja limebaki. Tayari tumekusanya milioni 38 za ujenzi, pamoja na mifuko 90 ya saruji na bati 40 zilizoletwa na waumini. Je, tunaweza kuchukua humo tukamaliza deni la mwinjilisti na mlinzi wiki hii?

---

Mhazini alijibu:

Hapana mzee, msichukue kimyakimya, hata kwa jambo jema. Aliyetoa alitaja kazi yake, na kuibadili bila yeye kujua ni kosa lilelile la kukata NSSF na kutoipeleka. Deni la watumishi lilipeni na matoleo ya Jumapili hizi mbili, yanatosha. Tangazeni wazi kwamba mwezi huu hakuna matumizi mengine isipokuwa umeme, maji na vitu vya meza ya Bwana.

Kwa ile milioni 38, elezeni Jumapili mbili mfululizo kwamba mpango umebadilika kutoka kanisa jipya kwenda kurefusha la sasa, vyoo na chumba cha watoto. Kila aliyetoa apewe karatasi yenye chaguo tatu: ibaki kwenye ujenzi mpya uliopunguzwa, ihamie mfuko wa wajane, au irudishwe. Asaini, mpeni nakala. Siku 30 zikipita bila jibu, fedha yake ibaki kwenye ujenzi, maana ndiko alikoielekeza. Kila badiliko liingie kwenye muhtasari wa baraza likiwa na kiasi. Anayetaka kurudishiwa asihojiwe wala asitajwe. Huenda ndiye aliyekuwa amekopa ili aonekane ametoa.

Waliotoa vifaa waulizwe vivyo hivyo. Bati zikaguliwe geji (unene) zisije zikachanganywa juu ya paa moja. Saruji ndiyo isisubiri kabisa: iinueni kutoka sakafuni juu ya mbao, muitenge na ukuta, na iliyokaa stoo zaidi ya miezi mitatu isiingie kwenye zege la nguzo. Ikiwa bado haijaganda mabonge itumike kwenye plasta ya vyoo. Muulizeni Fundi Sanifu aje aikague kwanza kabla hamjapanga lolote.